Swali lako kwa Waziri: namna ya kuliandika lisijibiwe "fedha zikipatikana"

Bunge linapokutana Dodoma, saa 3:00 asubuhi inasomwa dua, hati zinawasilishwa mezani, kisha yanaanza maswali. Anayesikiliza redioni anaujua wimbo wake. "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Upembuzi yakinifu unaendelea. Itajengwa kadri fedha zitakavyopatikana. Mheshimiwa Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri ya Naibu Waziri, anaomba maswali mawili madogo ya nyongeza, na kule kijijini watu wanaendelea kuvuka mto kwa gogo.

Nilikuwa katibu wa mbunge kwa miaka mitano. Maswali ya namna hiyo niliyaandika mimi, mengi tu, na sokoni aliyesimamishwa na kuulizwa "vipi, wamesemaje?" nilikuwa mimi. Nilichelewa kuelewa kwamba jibu bovu mara nyingi huanzia kwenye swali bovu. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya diwani, mwenyekiti wa kijiji, kiongozi wa kikundi, au yeyote mwenye jambo analotaka Waziri alijibu mbele ya nchi.

Msingi wake ni Katiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na njia ya kwanza inayotajwa humo ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno hayo matatu ya mwisho, "katika wajibu wake", yameangusha maswali mengi kuliko ubahili wa Hazina.

Hatua ya 1: Pima kama jambo ni la Dodoma

Mganga wa zahanati asiyefika kazini Ijumaa si swali la Bungeni. Hilo lina mkurugenzi wa halmashauri, lina Baraza la Madiwani linaloketi kila robo mwaka, na mbunge wako mwenyewe ni mjumbe wa baraza hilo. Likipelekwa Dodoma litakula wiki nyingi, kisha Naibu Waziri atajibu kwamba amemwelekeza mkurugenzi afuatilie. Yaani umesafiri kilomita mia kadhaa kurudi pale pale.

La Dodoma ni lile ambalo halmashauri imeshindwa kwa sababu ufunguo hauko mikononi mwake: fedha za Serikali Kuu zisizoshuka, sheria au kanuni inayobana, taasisi ya taifa isiyowajibika kwa madiwani, au sera inayotafsiriwa vingine wilaya hadi wilaya. Kama uko Zanzibar, pima kitu kimoja zaidi. Afya, maji, kilimo na barabara za huko si mambo ya Muungano, kwa hiyo mawaziri wake wanaulizwa Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Uhamiaji na polisi ni vya Muungano. Hivyo ndivyo vya Dodoma.

Hatua ya 2: Mjue mwenye nalo

Hapa ndipo watu wanapopotea. Barabara mbovu ni barabara mbovu kwa anayepita na baiskeli, lakini Serikalini ina mwenyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, yaani Wakala wa Barabara, chini ya wizara ya Ujenzi. Za wilaya, za kata na mitaa ziko TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, chini ya TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ukimuuliza Waziri wa Ujenzi barabara ya TARURA atakujibu kwa adabu kwamba haiko kwake, na umepoteza nafasi ya mkutano mzima.

Zahanati inajengwa na halmashauri, hivyo majengo yake na watumishi wake ni TAMISEMI, lakini dawa zinazokosekana Bohari ya Dawa ni za Waziri wa Afya. Madarasa ni TAMISEMI, mtaala ni Wizara ya Elimu. Maji vijijini ni RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini ulioanzishwa 2019, nayo iko Wizara ya Maji. Wizara zenyewe nazo huunganishwa na kutenganishwa kila baraza jipya la mawaziri linapotangazwa (Ujenzi na Uchukuzi zilitenganishwa 2023), kwa hiyo hakikisha unaandika jina la wizara lililopo leo, si lile lililo kwenye barua za zamani.

Pamoja na mwenye nalo, jua jina ambalo Serikali inaliita jambo lako. Watu wa Bunda na Tunduru wanaolala mashambani wakifukuza tembo huomba "fidia". Ukiandika fidia, Waziri wa Maliasili na Utalii atasimama na kusema sheria haina fidia kwa uharibifu wa wanyamapori, akae. Kilichopo kwenye kanuni za 2011 ni kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina yenyewe yana ukatili wake, nakubali, lakini swali likiyatumia halina mlango wa kutokea.

Umeme una mtego wa aina hiyo hiyo. Serikali ilihesabu vijiji, 12,318 vya Tanzania Bara, na kijiji kilihesabiwa kina umeme nguzo zikifika senta. Ukiuliza kuhusu kijiji utaambiwa kilishapata. Uliza kitongoji, ukitaje kwa jina.

Hatua ya 3: Kusanya tarakimu kabla ya malalamiko

Kitabu cha bajeti ya halmashauri si siri, wala taarifa za mapato na matumizi zinazotakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwekwa wazi kila mwaka baada ya kuwasilishwa Bungeni, kwa kawaida Aprili. Ofisi ikikunyima taarifa, andika ombi kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Andika barua, igongwe muhuri wa mapokezi, bakiza nakala. Nimeona barua ya namna hiyo ikifungua droo ambayo simu kumi hazikuifungua.

Unachotafuta ni vitu viwili vinavyofanana kwa sura: fedha iliyotengwa na fedha iliyotolewa. Iliyotengwa ni ahadi kwenye karatasi. Iliyotolewa ndiyo imeingia akaunti. Kati ya hizo mbili ndimo yanamolala maswali yote mazuri.

Hatua ya 4: Andika, na uikimbie "ni lini"

Fungua Hansard yoyote, yaani taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge, uhesabu. Nusu ya maswali huanza "Je, ni lini Serikali itajenga…" Ni swali la haki, lakini lina jibu lililopikwa tayari. Hakuna waziri anayeweza kutaja tarehe ya fedha ambayo haijakusanywa, na wewe umemuuliza hiyo tu.

Nieleze kwa kisa chetu. Kijiji kimoja kilijenga boma la zahanati, yaani kuta zisizo na paa, kwa nguvu za wananchi hadi lenta. Wanawake walibeba mchanga na maji, wanaume wakafyatua tofali, kisha ukuta ukasimama misimu miwili ya mvua bila bati. Niliandika: "Je, ni lini Serikali itamalizia boma hilo?" Jibu lilikuja kama lilivyotarajiwa: Serikali inathamini nguvu za wananchi na itaendelea kutenga fedha za kumalizia maboma kote nchini. Mwaka uliofuata nikaandika lile lile kwa maneno mengine, jibu nalo likaja lile lile kwa maneno mengine.

Mara ya tatu tuliandika hivi: "Katika mwaka wa fedha uliopita Halmashauri ilitengewa shilingi milioni 150 za kumalizia maboma matatu ya zahanati. Je, hadi sasa kimetolewa kiasi gani, na kwa maboma ya vijiji vipi?" Hapo "kadri ya upatikanaji" haikuwa na pa kukaa. Waziri alilazimika kutaja vijiji vitatu, na jina la kijiji chetu halikuwamo. Miaka miwili tulikuwa tukiilaumu Hazina, kumbe halmashauri yetu haikuwahi kuliingiza boma hilo kwenye orodha iliyopeleka juu.

Ukiandika, anza na sentensi moja ya ukweli unaoweza kuuthibitisha, kisha uliza. Kiasi gani, wangapi, wapi, kwa kigezo gani, mkataba unaisha tarehe ngapi. Usichanganye mambo mawili. Ondoa lawama na sifa, maana swali la msingi hupita Ofisi ya Katibu wa Bunge kabla ya kupangiwa siku, na lililo hotuba, lililo dhana tupu, au linalogusa kesi iliyo mahakamani litarudishwa au litanyolewa hadi usilitambue. Likizidi mistari minne, jua umeshaanza kuhutubia.

Hatua ya 5: Mpate mbunge wa kulibeba

Kanuni ni kwamba mbunge wako ndiye wa kwanza. Ofisi ya mbunge ipo jimboni, na katibu wake ndiye unayemtafuta. Usimfuate Mheshimiwa msibani ukampa karatasi mkononi, itaishia mfuko wa koti. Mpe katibu ukurasa mmoja: swali juu, chini yake tarakimu na ulikozipata, na namba yako ya simu. Peleka mapema, wiki nyingi kabla ya mkutano wa Bunge, kwa sababu swali linatakiwa liwasilishwe kwa maandishi, likaguliwe, lipelekwe wizarani, na wizara nayo iombe taarifa kwa mkurugenzi wa halmashauri yako. Ndiyo, yule yule. Mara nyingine jambo hutengenezwa wiki hiyo hiyo barua kutoka juu inapofika mezani kwake, na swali linapokuja kusomwa Dodoma tayari fundi yuko juu ya paa.

Na kama mbunge wako ni waziri au naibu waziri? Majimbo hayo hujisifu, lakini kwenye maswali yana ububu. Waziri haulizi, anajibu. Mtafute mbunge wa viti maalum wa mkoa wako. Ana haki ile ile ya kuuliza na mara nyingi ana njaa zaidi ya kazi. Ikishindikana, mbunge wa jimbo jirani ambaye mto huo huo unapita kwake.

Ipo pia njia ya mkato. Orodha ya Shughuli za siku huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Ukiona kesho kuna swali la tembo wa Same, na wewe tembo wako wako Liwale, mtumie mbunge wako ujumbe usiku huo asimame kuomba swali la nyongeza. "Matatizo yaliyopo Same yanafanana kabisa na yaliyopo…" umeyasikia mara ngapi? Hayo yametoka kwa mtu kama wewe aliyesoma orodha mapema.

Alhamisi ni siku nyingine kabisa. Waziri Mkuu huulizwa papo kwa papo kwa dakika 30, na muulizaji hakumpa swali kabla. Usipeleke boma hapo. Ni mahali pa sera, la sivyo Spika atalikata. Lakini kwa kuwa jibu halijaandikwa, lina uzito wake. Juni 2013 jibu la Waziri Mkuu Mizengo Pinda kuhusu polisi na watu wanaokaidi amri lilifunguliwa shauri Mahakama Kuu na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika.

Hatua ya 6: Andaa maswali ya nyongeza, hapa ndipo penye mchezo

Swali la msingi Waziri amelisoma wiki nzima. Jibu limeandikwa na wataalamu, yeye anasoma tu. Swali la nyongeza hajaliona. Muulizaji anaruhusiwa mawili, wabunge wengine moja moja Spika akiwaona. Ajabu ni kwamba wabunge wengi huyatunga wakiwa wamesimama, na ndipo unaposikia nyongeza zisizohusiana na chochote.

Mimi nilikuwa naandika matano kwenye kadi ngumu, Mheshimiwa anachagua mawili kulingana na jibu. Wakisema fedha zimetengwa: mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, je, zisipotolewa zitavuka au zitarudi? Wakisema upembuzi yakinifu unaendelea: mshauri mwelekezi ni nani, na mkataba wake unamtaka akabidhi ripoti tarehe ngapi? Wakisema mkandarasi yuko saiti: amelipwa hati ngapi za malipo kati ya alizowasilisha? (Hili la mwisho limewatoa jasho naibu mawaziri, maana mkandarasi kuwepo saiti na mkandarasi kufanya kazi ni vitu viwili, na katikati yake huwa pana hati ambayo haijalipwa.) Wakisema tatizo halipo kabisa: Waziri yuko tayari kuongozana nami akaone?

Hilo la "kuongozana nami" limetumika hadi limechakaa, na mawaziri huitikia "niko tayari" kama wanaitikia salamu. Liwe la mwisho mfukoni. Kibaya kuliko hilo ni Mheshimiwa kukubali maneno "tuonane baada ya kipindi cha maswali." Wakionana nje, hakuna kinachoandikwa. Mwambie mbunge wako ashukuru, kisha aombe jibu litolewe pale pale au liletwe kwa maandishi.

Na ziwe fupi. Spika akisema "uliza swali, Mheshimiwa" mara mbili, ujue mtu wenu ameanza hotuba na kipaza sauti kinakaribia kuzimwa.

Hatua ya 7: Sikiliza, kisha chukua Hansard

Usitegemee kipande cha video cha sekunde 40 kinachozunguka kwenye makundi ya simu. Taarifa Rasmi ya majadiliano, yaani Hansard, huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta tarehe, namba ya swali, jina la mbunge. Chapa ukurasa ule tu. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji ukurasa huo unasomwa kwa sauti, kila neno, halafu mtu mmoja anapewa kazi ya kuandika pembeni: kilichoahidiwa, kiasi, mwaka wa fedha. Mtendaji wa kijiji asipoupenda ukurasa huo, muulize kwa upole ni sehemu gani si kweli.

Hatua ya 8: Jibu likiwa si kweli, au likiwa hewa

Jibu lenye takwimu zisizolingana na hali halisi hutokea sana, kwa sababu wizara imejibu kwa taarifa iliyoletewa na halmashauri. Mbunge anaweza kusimama pale pale na kusema majibu si sahihi, na Spika ana uwezo wa kuagiza Serikali ikajipange, ije kujibu upya. Lakini awe na karatasi, si hasira. Na karatasi hizo zipite mlango wa Spika kwanza. Juni 2024 Luhaga Mpina, wakati huo Mbunge wa Kisesa, alimtuhumu Waziri wa Kilimo kulidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuingiza sukari. Kwa kutoa ushahidi wake kwa vyombo vya habari kabla Spika hajaushughulikia, alisimamishwa vikao 15. Jambo la sukari likamezwa na jambo la utaratibu. Ukimpa mbunge wako nyaraka, usizirushe mtandaoni asubuhi hiyo hiyo.

Jibu likiwa si uongo ila hewa tu, subiri Aprili. Kuanzia hapo hadi Juni wizara huja moja moja kuomba fedha, na Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi likafika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi. Ndiko "kushika shilingi" unakokusikia. Shilingi yenyewe haina kazi. Kazi yake ni kumfanya Waziri asimame aeleze, na wabunge wengine wachangie, akitafuta namna ya kurudishiwa. Wengi huirudisha kwa maneno matamu, hilo nalo lijue. Mbunge anayefaa huirudisha kwa sharti lenye tarehe, na sharti hilo linaingia Hansard.

Tarehe ikipita, swali jipya linajiandika: "Tarehe fulani, Serikali iliahidi Bungeni kwamba… Je, utekelezaji wake umefikia wapi?" Hakuna mwanzo wa swali ninaoupenda kuliko huo.

Boma letu lilipauliwa miezi saba baada ya lile swali la tatu, kwa bati za bluu. Chumba cha dawa hakina mlango hadi leo, na kadi ya nyongeza nimeshaiandika.